Shemasi Aliyehesabu Makofi

Wapokezi wa habari za waja wema wametuhadithia, na Mola ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji wa Karsena, nchi ya Shamu, zama zile ambapo waamini walikuwa bado wakimpigia mhubiri makofi kanisani, aliishi shemasi mmoja aitwaye Barhadi. Alikuwa mtu wa kufunga na kusali, mpole wa ulimi, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa mwandishi wa Askofu Eumenio. Kazi yake ilikuwa kuketi chini ya mimbari na kuyaandika mahubiri kwa hati ya mkato juu ya vibao vya nta, bila kuruka hata neno moja.

Tusishangae habari ya makofi. Siku hizo padre akisema jambo likawakolea watu, walipiga makofi, wakapunga leso, wakapaza sauti, "Umenena, Baba! Umenena!" Kila mtaa ulikuwa na mhubiri wake wa kujivunia, na walikuwepo waliomtetea wa kwao sokoni mpaka wakakamatana kanzu. Siku hizi tumestaarabika, tunakaa kimya na kutazama saa.

Barhadi alikuwa mdadisi kwa tabia. Kuandika tu hakukumtosha. Alitaka kujua kwa nini mahubiri ya huyu yanaingia moyoni na ya yule yanaishia sakafuni, ilhali Injili ni ile ile. Basi pembeni mwa maneno aliweka alama zake mwenyewe: mstari kwa kila makofi, nukta kwa kila kilio, na msalaba mdogo kwa kila mtu aliyetoka kabla ya wakati wake. Alikuwa na sanduku zima la vibao hivyo. Mapadre wengine walimcheka kichinichini, lakini Askofu aliiona kazi hiyo kuwa ya maana, na mara nyingi alimtaka ushauri.

Ikawa mwaka mmoja, majuma machache baada ya Pasaka, wazee kadhaa wa mtaa wa wafinyanzi walimletea Askofu malalamiko juu ya padre wao, mzee Zabdi. Walisema sauti yake imekauka, mahubiri yake hayana utamu wala urefu, na waamini wamemchoka kiasi cha kutoka kanisani katikati ya Misa, mbele ya macho yake. Waliomba wapewe Padre Leonsi wa kanisa kuu, ambaye sifa zake zilikuwa zimevuka mipaka ya mji.

Padre Zabdi alikuwa amewachunga wafinyanzi hao kwa miaka thelathini na mmoja. Aliwabatiza, akawafungisha ndoa, akawazika wazazi wao. Kumwondoa pale kulikuwa ni kumpeleka kwenye monasteri ya mlimani, akaadhimishe Misa mbele ya kuta mpaka siku Mungu atakapomwita. Askofu Eumenio alilijua hilo, na moyo wake ukawa mzito. Akamwita Barhadi.

"Mwanangu, mimi siwezi kwenda. Nikiingia mimi, kila padre atahubiri kwa ajili yangu. Nenda wewe. Jumapili hii umsikilize Leonsi, na ijayo umsikilize Zabdi. Upime kama unavyopima siku zote. Neno lako ndilo nitakalolifuata."

"Nitapima kwa haki, Baba Askofu."

"Najua. Ndiyo maana nimekuita wewe."

Barhadi alitoka pale na furaha ambayo, kusema kweli, ilikuwa kubwa kuliko inavyompasa mtu aliyekabidhiwa maisha ya mzee wa watu.

Jumapili ya kwanza alikwenda kanisa kuu. Padre Leonsi hakuwa mtu wa majivuno. Alikuwa mcha Mungu, naye Mungu alimjalia kinywa. Siku hiyo alihubiri juu ya Lazaro maskini aliyelala langoni pa tajiri, na aliwaelezea wale mbwa waliokuja kumlamba vidonda kwa namna ambayo akina mama waliguna kwa uchungu na wanaume wakafuta macho. Barhadi alihesabu makofi arobaini na moja. Nukta za kilio zilijaa ukingo mzima wa kibao, na mojawapo ilikuwa yake mwenyewe. Hakutoka mtu hata mmoja.

Misa ilipokwisha, alisimama mlangoni akawauliza watu ni kipi kilichowagusa.

"Mbwa, Shemasi! Ile habari ya mbwa!" alisema mshona viatu mmoja, na mashavu yake yalikuwa bado mabichi.

"Mbwa," akasema mke wa hakimu. "Yaani nimewaona kwa macho yangu."

Barhadi akaandika pembeni: mbwa, na tena mbwa, na tena. Akaona huo ni ushahidi wa kutosha kwamba mahubiri yamekaa mioyoni.

Jumapili ya pili alikwenda kwa wafinyanzi. Kanisa lao lilikuwa dogo, lenye mlango kila ubavu na sakafu ya udongo uliopigwa ukang'aa. Waamini hawakufika mia. Padre Zabdi alikuwa mfupi, mgongo umepinda, na meno ya mbele yalikuwa yameshamwacha, hata maneno mengine yalitoka na upepo. Alisoma Injili ile ambamo Bwana anasema kwamba mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake, kisha akakumbuka kuwa nduguye ana kinyongo naye, aiache sadaka hapo hapo, aende kwanza akapatane naye, ndipo arudi aitoe. Aliisoma mara mbili, polepole. Kisha akawatazama watu wake, akasema:

"Ndugu zangu, Bwana hakusema baada ya Misa. Alisema kwanza. Mkate upo, divai ipo, havitaondoka. Na mimi nipo."

Akaketi.

Barhadi alibaki ameshika kalamu yake ya chuma juu ya nta, akingoja yaliyobaki. Hayakuja. Kanisa lilikuwa kimya, mtu mmoja akakohoa, mwingine akasogeza miguu. Halafu mwanamke mmoja mnene wa mikono, aliyekuwa mbele, akainuka, akajitanda ushungi wake, akatoka. Barhadi akaweka msalaba. Wakainuka wanaume wawili, wakatoka kwa mlango wa pili. Misalaba miwili. Akafuata ajuza mwenye mkongojo, na baada yake mtu na mkewe, kila mmoja kwa mlango wake. Padre Zabdi alikaa tu, mikono magotini, macho chini, wala hakusema neno la kumzuia yeyote. Walipotimia ishirini na watatu, Barhadi alihisi uso wake ukiwaka moto kwa haya, kama mtu aliyemkuta mzazi wake ameanguka njiani watu wakitazama. Aliona amekwisha kupata alichotumwa. Akafunga vibao vyake, akainama mbele ya madhabahu, akatoka taratibu kwa mlango wa karibu ili asiendelee kuishuhudia fedheha ile. Wala hakujiwekea msalaba.

Jumatatu alisimama mbele ya Askofu.

"Maneno ya mahubiri?"

"Kumi na saba, Baba Askofu."

"Makofi?"

"Hakuna."

"Waliotoka?"

"Ishirini na watatu. Nimewahesabu mwenyewe."

Askofu akaagiza barua iandikwe: Padre Zabdi awe amehamia mlimani kabla ya Jumapili inayokuja. Barhadi ndiye aliyeiandika, na akaomba aipeleke yeye mwenyewe, ili mzee aipokee kutoka kwenye mkono wa mtu mpole. Haya ndiyo mambo yanayotutokea tukishajiamini. Hata upole wetu tunautumia kumalizia kosa.

Alhamisi, barua ikiwa kifuani, alipita mtaa wa wafinyanzi. Njaa ilimshika penye tanuri la mkate, akasimama kununua. Muuzaji alipogeuka, Barhadi alimtambua: ni yule mwanamke aliyetoka wa kwanza. Udadisi ukamshinda.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama."

"Milele, amina. Karibu mkate, wa moto huu."

"Mama, Jumapili nilikuwa kanisani kwenu. Nilikuona umetoka. Niambie, kilichokukera ni nini?"

Mwanamke huyo, jina lake Shamuna, alimkazia macho. "Kunikera? Nani kakwambia nilikereka?"

"Uliondoka padre akihubiri."

"Aliketi, Shemasi. Alikwisha kuhubiri." Akaweka chini koleo lake la kutolea mikate. "Nisikilize. Mimi na jirani yangu wa nyuma, Rahme, tulikosana kwa sababu ya moshi wa tanuri hili. Moshi tu! Siku moja hasira zikanipanda, nikamtamkia neno juu ya utasa wake ambalo sitalirudia hapa mbele yako. Miaka sita hatusalimiani, na kila Jumapili wote tunakomunika, mimi upande huu, yeye upande ule. Basi Baba aliposema kwanza, nikaona leo sina pa kujificha. Nikaenda kwake. Nabisha, kimya. Nabisha, kimya. Nikasema basi, hataki kunifungulia, na ni haki yake. Narudi zangu nalia, namkuta nani mlangoni kwangu? Rahme! Naye anabisha!"

Hapo Shamuna alicheka, akajifuta macho kwa mkono wenye unga, unga ukabaki shavuni.

"Kumbe alitoka kwa mlango ule mwingine. Tukarudi pamoja, tukamkuta Baba bado amekaa. Alingoja mpaka wa mwisho aliporudi, ndipo akainuka akaendelea na Misa. Lakini si ulikuwepo? Hukuona?"

"Nilikuwa nimeshatoka," alisema Barhadi.

Uso wa Shamuna ukachangamka. "Na wewe pia, Shemasi! Hongera sana! Ulikwenda kupatana na nani?"

Barhadi alijitia kuchagua mkate. Aliyekuwa hajakosa neno la mtu kwa miaka kumi na tisa alikosa lake mwenyewe. Akaulizia jambo jingine ili ajiokoe: je, Padre Zabdi hufanya hivyo kila Jumapili?

"Hapana. Siku nyingine anahubiri kama mapadre wote, na ukitaka ukweli," Shamuna akashusha sauti, "kuhubiri hajui sana. Lakini kuna Injili akizisoma, hungoja. Ile ya kuwatazama wagonjwa ilipofika, tulikwenda kuwatazama, tukarudi jua la utosi. Wanaobaki wamekaa ndio wanaonung'unika. Wanasema migongo inawauma."

Barhadi alichukua mkate wake akaenda, lakini hakuula. Alitembea akijihesabia. Maneno yalikuwa kumi na saba kweli. Makofi hayakuwepo kweli. Waliotoka walikuwa ishirini na watatu kweli. Hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumshitaki kwa uongo. Askofu hakujua kwamba mwandishi wake aliondoka Misa haijakwisha, wala hakuna ambaye angemwambia. Akiipeleka barua na kunyamaza, angebaki Barhadi yule yule mwaminifu. Akisema, vibao vyote vya miaka yote vingetiliwa shaka, na Askofu angelazimika kumtazama kwa jicho jingine. Wacha Mungu nao huogopa kudharauliwa, tusidanganyane. Alitamani kwa dhati kwamba njaa isingemshika penye tanuri lile.

Alimkuta Padre Zabdi nyuma ya kanisa, amekunja kanzu, anakanyaga udongo kwa miguu miwili kwenye shimo. Ulikuwa udongo wa mfinyanzi mmoja aliyevunjika mguu, na mzee alikuwa akimkandia ili kazi yake isilale.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba."

"Milele, amina. Karibu, Shemasi. Uniwie radhi, mkono siwezi kukupa." Akaona lakiri ya Askofu ikichungulia kifuani pa Barhadi, naye akatabasamu na ufizi wake mtupu. "Hiyo ni yangu. Iweke hapo juu ya jiwe, nikinawa nitaisoma. Nasikia mlimani kuna hewa nzuri."

Barhadi hakuiweka. "Baba, naomba kuuliza. Kwa nini siku ile ulisema maneno machache vile?"

Mzee aliendelea kukanyaga. "Zamani nilikuwa nasema mengi. Huwezi kuamini ukinitazama sasa, lakini leso zilipungwa. Mwaka wangu wa nne hapa niliihubiri Injili hiyo hiyo. Nilihubiri msamaha, mwanangu, mpaka mimi mwenyewe nikatetemeka. Baada ya Misa akanijia mfinyanzi mmoja, Gaddai, aliyekuwa hasemi na nduguye wa tumbo moja. Akanishika mikono, analia. Akaniambia, 'Baba, umesema vizuri mno, najiona nimekwisha kumsamehe.' Akaenda nyumbani, akala, akalala. Kwa nduguye hakufika. Jumatano ukuta wa tanuri ulimwangukia akafa, na nduguye hakuja kumzika."

Akatoa mguu mmoja kwenye udongo, akauangalia, akaurudisha.

"Nilimpa utamu wa kusamehe kabla hajasamehe. Akashiba. Tangu hapo, nikifika mahali ambapo kazi ni ya msikilizaji, naogopa kuifanya mimi kwa mdomo wangu. Basi naketi. Pengine nakosea. Wako wanaosema nakosea, nao ni watu wazima wenye akili zao."

Barhadi aliirudisha barua ndani kabisa ya vazi lake. "Barua hii ina kosa, Baba. Nairudisha ilikotoka."

"Kosa la nani?"

"Langu."

Ijumaa Askofu alikuwa ameketi na mapadre wa mji, Leonsi akiwa miongoni mwao. Barhadi aliomba kusema, akapiga magoti katikati yao, akaiweka barua sakafuni, lakiri haijavunjwa.

"Baba Askofu, hesabu niliyokuletea ni sahihi, na ushahidi niliokuletea si wa kweli. Waliotoka walitii Injili, wakarudi. Mimi sikuwaona wakirudi kwa sababu niliondoka Misa haijakwisha. Walikuwa ishirini na wanne waliotoka. Ni mmoja tu aliyetoka bila kwenda kwa mtu." Kisha akasimulia yote, ya Shamuna na ya Gaddai, bila kujisetiri.

Uso wa Askofu ulibadilika, na hakuficha hasira yake. "Nilikwambia neno lako nitalifuata. Mzee wa watu angeshapanda mlima."

"Ndiyo, Baba."

"Miaka kumi na tisa nimewapanga na kuwapangua mapadre kwa vibao vyako."

"Ndiyo, Baba." Na hapo Barhadi alilia, kwa kuwa hilo ndilo aliloliogopa kuliko yote, na lilikuwa limesemwa.

Padre Leonsi ndiye aliyesaidia, Mungu amrehemu. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, "Na juu ya mahubiri yangu, Shemasi, watu walikwambia nini?"

Barhadi akamgeukia. "Walisema mbwa, Padre. Waliwakumbuka mbwa."

Leonsi alicheka, na wengine wakacheka naye. Kisha akaacha kucheka. "Na Lazaro?"

"Hakuna aliyemtaja."

Leonsi aliinamisha kichwa. Alipokiinua, alimwomba Askofu ampeleke kwa wafinyanzi, si kuchukua nafasi ya Zabdi, bali akae chini yake mwaka mmoja ajifunze kungoja. "Kusema najua," alisema. "Kunyamaza mahali panapostahili sijafundishwa na mtu."

Askofu aliiokota barua, akaichana. Alimwambia Barhadi ainuke, lakini hakumrudishia kalamu siku hiyo. Alimuuliza swali moja tu: "Basi niambie wewe uliyesikiliza wengi. Mahubiri mema ni yapi?"

"Sijui, Baba Askofu," alijibu Barhadi. "Nilidhani najua. Ninachojua leo ni kwamba nilikuwa napima mapema mno, wakati watu bado wamekaa."

Wasimulizi wanasema Askofu alilipenda jibu hilo kuliko hesabu zote alizowahi kuletewa. Padre Zabdi alikufa kwa wafinyanzi wake miaka sita baadaye, na Barhadi, aliyerudishiwa kalamu hatimaye, aliacha kuweka alama siku ya Jumapili. Alizunguka mitaani siku ya Alhamisi, akanunua mkate hapa, akaketi kibarazani pale, akiuliza habari za watu. Mara nyingi alirudi na kibao kitupu, na hakuona haya kumwonyesha Askofu.

Ndugu waamini, sisemi kwamba maneno machache ni bora kuliko mengi, wala kwamba makofi ni dhambi. Leonsi naye alikuwa mja mwema, na wapo walioongoka kwa ufasaha wake. Nasema tu kwamba mimi ninayewaandikia nimehubiri miaka ishirini na miwili, na katika homilia zangu pia watu hutoka. Nimewaona, mmoja mmoja, kwa mlango wa nyuma. Siku zote nimedhani ninajua kwa nini wanatoka, na mpaka leo sijamfuata hata mmoja nikamuuliza alikuwa anakwenda wapi.